Hakuna ya Injinia Zeca

Tangu Injinia Zeca aitengeneze upya kompyuta ya ofisi, karibu hakuna mtu aliyepatikana, na Injinia Zeca hajapata kuwa na furaha kiasi kile.

Ofisi yenyewe ilikuwa ya shirika la kuunganisha familia, pale Palma, vyumba viwili vyenye feni moja. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mtu aliyepotelewa na nduguye wakati wa kukimbia vita anakuja, anataja majina ya nduguye, na kompyuta inamtafuta katika watu wote walioandikwa kwenye kambi na miji ya mkoa. Ofisi nyingine za shirika nazo ziliuliza kompyuta hiyohiyo. Zamani jibu lilichelewa mpaka chai inapoa. Sasa lilikuja kabla mtu hajakaa sawa kwenye kiti. Zeca alichora mstari wa kasi hiyo, akautia kwenye fremu ya kioo, akautundika ukutani mahali ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi.

Rachida, fundi wa pili wa kompyuta, alikuwa nyumbani kwao Tungue akinyonyesha mtoto wake wa kwanza wakati fremu hiyo inatundikwa. Aliporudi kazini akakuta ofisi nzima inatembea kifua mbele, na kwenye benchi la nje wamekaa watu walewale aliowaacha, wamekonda zaidi kidogo. Rachida alisoma kompyuta Nampula, lakini ulimi aliutoa kwao, na ulimi huo haukuwahi kwenda likizo.

"Nani amepatikana nilipokuwa sipo?" alimwuliza Suzete, dada wa mapokezi.

Suzete alifikiri. "Injinia."

"Injinia alikuwa amepotea?"

"Alijijaribu. Aliandika jina lake, Zeca, kisha akatafuta Zeca. Akajipata. Tulipiga makofi."

Asubuhi hiyohiyo aliingia Bi Haula. Alikuwa muuza mihogo, mama wa watu wazima, kitambaa cha kichwani kimefungwa kwa nguvu kama anayekwenda kugombana. Nyuma yake alikuja shemeji yake, Mzee Aiuba, kofia safi, mikono mgongoni. Aiuba hakuja kutafuta. Alikuja kusikia kwa masikio yake.

Bi Haula alikuwa akimtafuta mwanawe. Walipokimbia, yeye na majirani waliingia baharini kwa boti, kijana akakimbilia upande wa Nhica na wenzake ili wavuke Rovuma. Simu yake ikazama mtoni na namba zote zilizokuwa ndani. Wenzake waliorudi walisema walimwona maji yanamchukua. Hawakusema walimwona amekufa. Juu ya tofauti hiyo Bi Haula alikuwa amejenga kibanda na anaishi humo.

"Sema majina, mama," alisema Suzete.

"Kurwa. Jamaldine. Issufo."

Suzete aliandika, akabonyeza, na kabla hajaondoa kidole kioo kikajibu. Akamgeuzia uso wa huruma, ule aliofundishwa kwenye semina.

"Hakuna, mama."

"Mashine yenu haijamaliza hata kunisikiliza," alisema Bi Haula.

"Ni ya kisasa, mama."

Aiuba alikohoa. "Shemeji, n'nakwambia tena mbele ya watu hawa. Mara zote umekuja, mara zote hakuna. Ofisi yenyewe imesema, mashine yenyewe imesema. Kijana amekufa na hajasomewa, hilo si jambo zuri kwetu wala kwake. Ijumaa tunasoma hitima. Vitunguu nimeshanunua."

Bi Haula alimpa mgongo. Alimtazama Rachida, ambaye hakuwa amemwona kabla, kwa macho ya mtu anayetafuta wa mwisho wa kumwomba.

"Mwanangu, wee ni wa hapa?"

"Wa Tungue, mama."

"Basi n'sikilize. Wakishamsomea, hakuna atakayemtafuta tena. Hata mie watanikataza. Nikimtaja wataniambia muombee tu. Kurwa wangu alizaliwa na Doto, na Doto hakumaliza arubaini. Nikimwita Kurwa nawaita wote wawili. Nitaacha vipi kumwita?"

Rachida alimwonea huruma, na kama kawaida yake, huruma hiyo ilitokea ikiwa hasira. "Usiende mbali, mama," alisema. "Ijumaa bado."

Alimwendea Injinia Zeca mezani kwake. Zeca alikuwa mtu wa kusini, shati limepigwa pasi, kalamu tatu mfukoni ingawa hakuwa akiandika kwa kalamu. Alikuwa anapanga onyesho la Alhamisi, siku ambayo wafadhili wangekuja.

"Injinia, umeifanya nini safu ya majina?"

"Aa, umeona!" Zeca alijinyoosha. "Zamani dakika kumi nzima. Sasa milisekunde mbili. Mbili, Rachida! Wafadhili watalia."

"Benchi la nje wameshalia. Umefanya nini?"

Zeca akamweleza kwa fahari, na kadiri alivyoeleza ndivyo Rachida alivyotamani kurudi Tungue akakae na mtoto wake, ambaye angalau alikuwa bado hajasoma.

Katika jedwali la ofisi kila mtu alikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na chumba kimoja cha majina. Chumba hicho hakikuwa cha jina moja. Kilikuwa kama kapu, na ndani ya kapu yalitiwa majina yote ya mtu huyo, mawili, matatu au matano, kadiri alivyojitaja. Hilo halikuwa kosa. Pwani ile mtu ana jina la nyumbani, ana la chuoni, ana la kwenye kitambulisho, na mwanamume ana lile alilorudi nalo kutoka jandoni. Anayeyapanga yote kwenye kapu moja anafanya akili.

Shida ilikuwa kutafuta. Zamani mashine ilikuwa inafunua kapu moja baada ya jingine, mkoa mzima, ikichungulia kama jina limo. Ndiyo maana chai ilipoa. Mtu mwenye haya angeweka faharasa inayofaa makapu, ile inayomwaga kila kapu, ikachukua kila jina peke yake, na kando ya jina ikaandika limo kwenye mistari gani. Ukiuliza Issufo, inakwenda moja kwa moja kwa Issufo na kukuletea wenye jina hilo wote. Injinia Zeca aliweka faharasa ya kawaida, inayolipanga kapu zimazima kana kwamba ni neno moja refu. Faharasa ya namna hiyo inajua kujibu swali moja tu la maana: je, liko kapu lililo sawasawa na hili, majina yaleyale, idadi ileile, mpangilio uleule?

Alipoona faharasa yake haisaidii lile swali la zamani, Zeca hakubadilisha faharasa. Alibadilisha swali. Palipokuwa na "jina limo ndani ya kapu" akaandika "kapu ni sawa na kapu". Mashine ikaruka kama imemwagiwa maji ya moto. Mama akisema Kurwa, Jamaldine, Issufo, na mwanawe kule alisema Jamaldine, Kurwa, Issufo, basi hawajuani. Hakuna. Milisekunde mbili.

"Kwa hiyo," alisema Rachida polepole, "mtu akimtafuta mwenzake inabidi amtaje kama mwenzake alivyojitaja, neno kwa neno."

"Usahihi," alisema Zeca. "Tatizo si mfumo. Watu wenu wana majina mengi mno. Mtu mmoja, jina moja. Kwetu ndivyo."

"Kwenu hamjapotezana."

"Rachida, por favor."

"Injinia, nikikuuliza njia ya kwenda sokoni, nawe ukanijibu hapana kabla sijafunga mdomo, nikusifu kwa mbio?"

Zeca alicheka kwa adabu, kama anavyocheka mtu aliyeamua kwamba hajatukanwa. Kisha akasema mfumo uko kazini, hakuna kugusa chochote mpaka wafadhili waje, waone, waondoke. Akaangalia saa, akachukua miwani yake ya jua, akaenda kula samaki wa kuchoma. Injinia Zeca alikula samaki wake kwa utulivu mkubwa, na hakuna aliyewahi kumwona akirudi kabla ya mifupa kukauka.

Rachida alivuta kiti cha Zeca akakikalia. Alifurahi kuona kinamtosha.

Kwanza alijenga faharasa ile inayomwaga makapu. Mashine ikachukua muda wake, ikala majina ya mkoa mzima, ikamaliza. Akauliza swali kwa namna ya zamani: je, Issufo ni mojawapo ya yaliyomo kapuni? Chai ya Suzete ikaanza kupoa. Rachida akaangalia kinachoendelea ndani, akakuta mashine imeipita faharasa mpya kama haijaiona, inafunua makapu moja moja kama zamani.

"Ina kiburi," alisema Suzete.

"Inataka kuulizwa inavyotaka yenyewe," alisema Rachida. Akaligeuza swali. Badala ya kuuliza kama jina ni mojawapo ya yaliyo kapuni, akauliza kama kapu linalo jina. Kwa mtu wa kawaida ni maneno yaleyale, na Rachida alipokuwa mwanafunzi aliwahi kulia juu ya jambo hilo bafuni. Lakini faharasa ya makapu inaitika kwa namna ya pili tu ya kuuliza, ya kwanza haijui. Safari hii mashine ikaitika mara moja, na akina Issufo wa mkoa mzima wakamwagika kwenye kioo, kurasa na kurasa.

"Yarabi," alisema Suzete. "Hawa wote walikuwemo?"

"Wote. Walikuwa wanamsubiri Injinia awataje vizuri."

Rachida akaandika swali la Bi Haula: kapu lenye Kurwa, na Jamaldine, na Issufo, yote matatu, kwa mpangilio wowote. Akabonyeza kwa kujiamini, kwani dharau yake kwa Zeca ilikuwa imemjaza pomoni na haikuacha nafasi ya shaka.

Hakuna.

Alibonyeza tena, kama mjinga anayebonyeza tena. Hakuna. Alikaa akiitazama ile kauli, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaogopa. Zeca angeweza kukosea na kijana akawa amekufa vilevile. Mto haukuwa na habari na faharasa ya mtu. Alimfikiria Bi Haula nje kwenye benchi, na Aiuba na vitunguu vyake, akaona aibu kwa lile "Ijumaa bado" alilolisema kirahisi vile.

Suzete, ambaye alikuwa wa Beira na hakujua mila za pwani ile, akauliza kwa unyofu, "Huyo kijana ana umri gani?"

"Mtu mzima. Ameshapita..." Rachida akanyamaza katikati ya neno. Kisha akajipiga kofi la paji la uso, akacheka kwa uchungu. "Ameshapita jandoni! Mimi ndiye mpumbavu, Suzete. Zeca ni wa mbali, ana udhuru. Mimi nimezaliwa hapahapa."

Mwanamume aliyetoka kumbini haitwi tena jina la utotoni. Ukimwita hivyo mbele ya watu umemvua nguo, na yeye mwenyewe hawezi kulitoa kinywani mwake akalipeleka kwa karani wa kambi. Kurwa asingesema Kurwa. Angesema jina la jando. Na mama naye, jina la jando halitaji. Akilitaja ni kama amechungulia kumbini. Bi Haula angeweza kulijua miaka yote hiyo na asilitoe hata kwa mashine. Kwa hiyo katika kapu la mama mlikuwa na jina ambalo mwana hawezi kulisema, na katika kapu la mwana jina ambalo mama hawezi kulisema. Mtu akiuliza makapu yafanane yote, atakuwa anauliza mpaka kiyama.

Akaligeuza swali mara ya mwisho. Hakutaka tena kapu lenye yote. Alitaka kapu lolote linalogusana na kapu la mama, hata kwa jina moja, na yanayogusana kwa mengi yatangulie juu. Faharasa ileile inalijua swali hilo pia. Akabonyeza kwa kidole kisichojiamini kabisa.

Mstari wa juu ulisema: Mwinyimadi, Jamaldine, Issufo. Mzaliwa wa Palma. Pacha. Alikimbilia Nhica. Ameandikwa Montepuez.

Suzete alipiga kelele. Rachida hakupiga. Alisoma mstari ule tena na tena, kisha akajifuta macho kwa ukingo wa mtandio, akasema, "Piga simu kituo cha Montepuez wamwite. Nami namfuata mama."

Mlangoni akakumbana na Injinia Zeca anayerudi. Zeca hakumwona Rachida wala Suzete. Aliona kioo cha kompyuta kilichokaa ukutani kando ya fremu, kinachochora kasi ya mashine papo hapo, na mstari wake uliokuwa umelala chini kwa raha ulikuwa umeinua kichwa.

"Nani amegusa?" aliuliza kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Ilikuwa mbili. Hii ni tisa! Milisekunde tisa!"

"Amepatikana mtu, injinia," alisema Suzete.

"Tisa," alisema Zeca. "Na wafadhili Alhamisi."

Rachida alimtazama kutoka viatuni mpaka miwani ya jua iliyokaa juu ya kichwa chake. Alikuwa na maneno mengi, mengine ya Kireno, mengine ya kwao Tungue yasiyofaa ofisini. Akayameza. "Niandikie barua ya onyo," alisema. "Uiandike taratibu. Nipishe."

Bi Haula aliingia na shemeji yake nyuma. Aiuba alikuwa ametoka sokoni kuongeza, na fuko la vitunguu lilikuwa begani. Walimweka mama kwenye kiti, Suzete akaweka simu mezani, akafungua sauti ili wote wasikie. Kule Montepuez mtu alikuwa anahema kama aliyekuja mbio.

"Alô? Nani mwenzangu?"

"Haula."

"Haula gani?"

"Haula gani! Haula aliyekuzaa, Kurwa wee!"

Rachida alifumba macho. Mwanamume mzima ameitwa jina la utotoni, kwa sauti, mbele ya ofisi ya watu na ami yake mwenyewe. Kule upande wa pili hapakuja neno la kukasirika. Ilikuja sauti ya mtu mzima analia kama mtoto, na ndani ya kilio hicho, "Naam, mama. Naam. Naam."

Aiuba aliteremsha fuko polepole, akaliweka chini.

"Mama, wewe uko hai," kijana alikuwa anasema. "Mama, nisamehe. Waliniambia boti lenu lilizama. Nikaenda kuuliza ofisi ya huku. Nikawapa majina yako yote, Haula, binti Mudi, mama Doto. Mashine ikajibu hapohapo. Haikufikiri hata kidogo, hapohapo, hakuna."

Kwa mazoea, aliposikia "hapohapo", Injinia Zeca aliitikia kwa kichwa. Kisha akaelewa amesifiwa nini, akageuka akaitazama fremu yake, akawa hana pa kuweka mikono.

"Sasa nisamehe nini?" aliuliza Bi Haula.

"Tulikusomea hitima, mama. Baada ya Idi. Watu wa huku walisema si vizuri kukuacha hivi hivi."

Feni ilizunguka. Bi Haula, aliyekataa kwa muda wote ule mwanawe asomewe, akiwagombeza shemeji na majirani na mashine, alikaa akiiangalia simu kama iliyomwonyesha kaburi lake mwenyewe likiwa limefagiliwa vizuri.

"Mlipika nini?" aliuliza hatimaye.

"Mama?"

"Kwenye hitima yangu. Mlipika nini?"

"Maharage, mama. Wali kidogo na maharage. Hatukuwa na kitu."

Bi Haula aliinua uso, na machozi ambayo hakuyatoa hata siku moja mbele ya Aiuba yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni. Alinyoosha kidole kwenye fuko la vitunguu lililokuwa sakafuni.

"Shemeji, hivyo usivirudishe sokoni," alisema. "Ijumaa utanipikia pilau. Mwanangu amenizika kwa maharage."